Hesabu ya Umma na Isomwe na Umma

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata daftari likiwapo, ikiwa mwenye mali hawezi kulisoma, mali yake imepotea vile vile. Kura ni mali ya mwananchi, na kodi ni mali yake. Zote mbili humrudia kwa sura ya tarakimu. Kwa hiyo namna tarakimu zinavyoandikwa si jambo la makarani peke yao. Ni jambo la haki, nasi twalileta kwa uzito huo mbele ya wasomaji wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Wenye umri wa kukumbuka hawajaisahau kura ya mlolongo ya mwaka wa 1988. Wananchi walijipanga foleni nyuma ya mgombea wao, macho yakashuhudia mlolongo ulio mrefu, na katika sehemu kadhaa za nchi aliyetangazwa mshindi akawa ni mwenye mlolongo mfupi. Foleni ilipotawanyika, hapakubaki karatasi ya kuirudia hesabu. Ndipo wapenda mageuzi waliposhikilia kura ya siri. Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Tangu hapo mzozo umehama kutoka kwenye foleni ukaingia kwenye fomu. Aliyetaka kutudhulumu zamani alilazimika kuyakanusha macho yetu. Siku hizi yamtosha tusielewe kilichoandikwa.

Madhara yake tuliyaona. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia, na Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza hesabu mwaka wa 2008 ilikuta makosa mengi ya kujumlisha na kunakili, hata isiweze kusema ni nani aliyeshinda urais. Nchi ilikuwa imemwaga damu kwa tarakimu ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha.

Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka wa 2022. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Wafula Chebukati, alitangaza matokeo ya urais: William Ruto kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, Raila Odinga 6,942,930, asilimia 48.85, George Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44, na David Mwaure 31,987, asilimia 0.23. Siku ya pili yake makamishna wanne walioyakataa matokeo hayo, kwa kinywa cha naibu mwenyekiti Juliana Cherera, wakasema kwamba asilimia hizo zikijumlishwa zafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kura zipatazo 142,000.

Natuketi tuhesabu, bila kumtetea mgombea yeyote. Kura halali za wagombea wote wanne ni 14,213,027. Asilimia 1 ya kura hizo ni kama 142,130. Asilimia 0.01 ni sehemu moja ya mia ya hapo, yaani kura kama 1,421. Nukta iliruka nafasi mbili, na kura elfu moja na mia nne na kitu zikageuka kuwa laki moja na elfu arobaini na mbili.

Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura. Haba na haba hujaza kibaba: kila asilimia ilikuwa imefupishwa ibaki na tarakimu mbili baada ya nukta, na safari hii zote nne zilipandishwa juu. Wajackoyah alikuwa na 0.436, ikaandikwa 0.44. Mwaure alikuwa na 0.225, ikaandikwa 0.23. Odinga alikuwa na 48.849, ikaandikwa 48.85. Ruto alikuwa chini ya 50.49 kwa chembe tu. Vijisehemu hivyo vikikusanywa pamoja vyafanya ile 0.01. Hakuna kura iliyoongezwa hapo wala iliyopunguzwa.

Msomaji atauliza, kwani hilo lina uzito gani? Katiba, katika kifungu cha 138, yataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura. Mwaka wa 2022 mshindi aliipita nusu hiyo kwa kura zipatazo 69,600. Kura bandia 142,000 zingaliutikisa ushindi huo hadi kwenye misingi yake, ilhali kura 1,421 zisingeufikisha kwenye duru ya pili. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba 2022, lakini kwa siku nyingi kabla ya hapo mwananchi wa kawaida alibebeshwa tuhuma ambayo angaliweza kuipima mwenyewe, lau angaliandikiwa kwa lugha yake kwamba asilimia 0.01 ni kura moja katika kila kura elfu kumi. Mama muuza samaki wa Mtongwe, ambaye hajakanyaga chuo kikuu, angaliambiwa hivyo angejua mara moja kwamba milioni kumi na nne haziwezi kutoa laki. Na Tume nayo ingalikata maneno mapema kwa kuandika mstari mmoja chini ya jedwali: asilimia zimefupishwa, jumla yaweza kupita mia kidogo.

Kifungu cha 86 cha Katiba chataka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, wa kuthibitishika na wa uwazi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tukivisoma vifungu hivyo kwa pamoja, twashikilia kwamba hesabu isiyosomeka haijatolewa, hata kama imebandikwa ukutani.

Basi twadai nini? Kwanza, asilimia isitolewe peke yake. Iandamane na idadi kamili, na isemwe ni asilimia ya nini: ya waliojiandikisha, ya waliopiga kura, au ya kura halali. Hizo ni hesabu tatu mbalimbali.

Pili, idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Sheria ya hundi yaamuru hivi: maneno na tarakimu yakipingana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Ikiwa pesa za mfanyabiashara zalindwa hivyo, kwa nini kura ya mlalahoi isilindwe? Lakini maneno nayo yaandikwe kwa hadhari. Ukiandika "elfu ishirini na tano," mmoja atasoma 25,000 na mwingine 20,005. Andika "ishirini na tano elfu" kwa ile ya kwanza, na tarakimu zikae kando yake ziwe shahidi.

Tatu, saa zitajwe kwa hesabu ya Waswahili. Vituo vya kura hufungwa saa 11 jioni. Anayebandika tangazo la Kiswahili lenye "5.00" amewaacha watu wakisie.

Nne, pesa za umma zipimwe kwa kichwa cha mtu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 iliikuta Likoni na watu 250,358, Kisauni 291,930 na Changamwe 131,882. Mtu akisimama jukwaani na kujigamba kwamba ameiletea Likoni shilingi milioni 25, makofi yatapigwa kwa sababu milioni ni neno zito. Zigawanye: hazifiki hata shilingi mia moja kwa kila mtu. Huenda zikatosha kazi iliyokusudiwa, huenda zisitoshe. Lakini sasa twaweza kuuliza.

Wananchi wenzetu, Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano, ndiyo siku ya Uchaguzi Mkuu. Vyama vitatuma mawakala Mtongwe, Chaani na Mtopanga. Visiwatume kwa sababu wana sauti kubwa. Viwatume wanaojua kunakili fomu ya 34A tarakimu kwa tarakimu, kujumlisha, na kuisoma jumla hiyo kwa Kiswahili mbele ya watu waliosimama mlangoni mwa kituo. Na sisi tusiokuwa mawakala tuisome fomu iliyobandikwa, tuinakili, tuilinganishe na itakayotangazwa.

Demokrasia ya vyama vingi haikupatikana kwa kuombwa, na haitahifadhiwa kwa kuaminiana kwa upofu. Anayetuhesabia na atuandikie tuelewe. Asiyetaka tuelewe, tuna haki ya kumuuliza anaficha nini.