Mstari Mwekundu Usitunyang'anye Mato

Leo kalamu yangu haitaki kumsifu mtu wala kumkashifu. Yataka kusema na sisi wenyewe, wanachama wa Chama cha Kiswahili, juu ya jambo linaloonekana dogo: vile vitufe vilivyo juu ya kisanduku tunamoandikia makala ya jarida letu.

Kama mjuavyo, jarida letu siku hizi huchapishwa na pia huwekwa kwenye tovuti ya shule. Makala huingizwa katika mfumo wa kusimamia maudhui, na ndani yake mna kihariri chenye vitufe vya kukoza herufi, kuzilaza, kuzipaka rangi na kadhalika. Aliyeusimika mfumo huo alikiacha kihariri vile vile kilivyokuja. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa Mama Ngina chini ya mbuyu, mihogo ya pilipili na ndimu mkononi, twatazama meli ikiingia Kilindini. Dada mmoja akanionyesha shairi lake kwenye simu, tarbia juu ya bibi yake wa Mji wa Kale. Nikasoma, nikakwama. Kina cha mwisho kilikuwa “to”: mto, kito, zito... mara “macho”! Nikamwuliza, “We, mbona kina kimekatika?” Akajibu kwa haya, “Niliandika mato, kama asemavyo bibi. Lakini mashini iliyapiga mstari mwekundu, kaka. Nilipoandika macho mstari ukaondoka. Bas, nikajua nimekosea.”

Ewe msomaji, hebu cheka kidogo kabla hujalia. Kamusi iliyokuwa ikikagua maneno yale ilikuwa ya Kiingereza. Iliyakubali “macho” kwa kuwa Waingereza nao wana neno liandikwalo hivyo hivyo, walilolitoa kwa Kihispania, lenye maana ya mwanamume ajitapaye kwa uanaume wake! Mstari haukuondoka kwa sababu Kiswahili kilikuwa sahihi. Uliondoka kwa sababu mashini ilidhani mtoto yule anaandika Kiingereza.

Mato si kosa. Ni Kimvita, lahaja aliyotungia Muyaka bin Haji (1776-1840) wa mji huu huu, ambaye tungo zake zilitoka kitabuni mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka. Najua kuwa mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na hilo. Sanifu ndiyo lugha ya mtihani, na ndiyo niandikayo sasa. Lakini kuchagua msingi wa lugha ya vitabu si kumziba mdomo mshairi wa Mvita.

Wenzangu wengine watasema, “Ukiuondoa mstari mwekundu, watu wataandika zambi badala ya dhambi.” Kweli, makosa tunayo, na mimi ni mmoja wao. Ila kamusi ya Kiingereza haitatusaidia, maana hupiga mstari zambi na dhambi sawasawa. Palipo pekundu pote, kosa utalionaje?

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, mfumo uambiwe kuwa kurasa zetu ni za Kiswahili. Alama yake ni herufi mbili tu, sw. Katika sehemu ya insha, ukaguzi wa tahajia uwe wa kamusi ya Kiswahili. Katika sehemu ya mashairi uzimwe kabisa, na kazi hiyo ibaki kwa mwalimu na kwa mtunzi mwenyewe.

Pili, mashairi yapewe umbo lake. Ukurasa wa tovuti huzibana nafasi nyingi zikawa moja, kwa hivyo ukwapi na utao hugandana kama ndugu mapacha. Tena ukibonyeza Enter, kila mshororo huwa aya mbali. Kiwekwe kitufe cha ubeti kinachohifadhi nafasi. Kwa sasa, bonyezeni Shift pamoja na Enter, mishororo ikae pamoja.

Tatu, vitufe vya rangi viondolewe. Mwaka jana tulikuwa na insha ya zambarau na kijani, wallahi macho yaliuma! Kizuri chajiuza. Tubakishe kukoza, kulaza, kiungo, na kitufe cha kichwa cha habari, ambacho humwezesha hata msomaji asiyeona, anayesomewa na kompyuta, kuruka kutoka makala moja hadi nyingine.

Nne, kiwekwe kitufe cha kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Tungo za wazee wetu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na wako miongoni mwetu wanaoijua hati hiyo.

Haya yote hayahitaji harambee. Ni mipangilio ya kuwasha na kuzima, na mwenye ufunguo ni msimamizi wa tovuti.

Dada yule nimemwambia arudishe mato yake, naye ameyarudisha. Mstari mwekundu bado uko chini yake. Mwaka huu yeye alikuwa na mtu wa kumwuliza kule Mama Ngina. Je, wangapi wamefuta maneno ya bibi zao wakiwa peke yao mbele ya kompyuta? Mwacha mila ni mtumwa.

Mwenye maoni mengine na anijibu katika toleo lijalo. Wasalaam.