Kiti cha Magurudumu na Mchanga wa Mbagala

Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kuwaeleza wanafunzi wake maana ya kanieneo hana haja ya kwenda mbali. Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, mtu akiiacha barabara ya lami huingia mara moja katika vichochoro vya mchanga. Baiskeli hushindwa hapo, mwendeshaji akashuka na kuisukuma. Kiti cha magurudumu nacho hushindwa, lakini aliyekaa juu yake hawezi kushuka.

Viti vingi vya aina hiyo vinavyoletwa nchini kama msaada vilibuniwa kwa ajili ya sakafu za hospitali. Vina magurudumu mawili madogo mbele, membamba na magumu. Tuseme, kwa mfano, kwamba gurudumu moja dogo limebeba uzito wa Newton 200, nalo linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 5. Kila sentimita ya mraba ya ardhi itabeba Newton 40. Gurudumu hilo likibadilishwa kwa lingine pana, linalogusa eneo la sentimita za mraba 20, kila sentimita itabeba Newton 10 tu. Sementi huhimili hali zote mbili bila taabu. Mchanga hauhimili. Gurudumu jembamba huzama, na likisha kuzama hulazimika kupanda daima kutoka katika shimo lililojichimbia lenyewe. Mikono ya mwenye kiti huchoka kabla hajafika barabarani.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Walakini ina uzito mkubwa katika swali linalostahili kuulizwa wazi siku hizi: fedha zinazotolewa na mashirika, serikali na wafadhili kwa ajili ya vifaa saidizi na tiba mtandao zinanunua kitu gani hasa? Je, zinanunua vifaa, au zinanunua uwezo wa mtu kufika shuleni, kazini na hospitalini? Mambo hayo mawili hudhaniwa kuwa ni kitu kimoja, ilhali sivyo.

Hapana shaka kwamba mahitaji ni makubwa. Utafiti wa hali ya ulemavu uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 2.5 ulimwenguni wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, iwe miwani, kisaidizi cha kusikia, mguu bandia au kiti cha magurudumu, na kwamba karibu watu bilioni moja miongoni mwao hawakipati. Katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini, wanaopata ni kiasi cha watu 3 tu katika kila 100 wanaohitaji.

Jumuiya ya kimataifa haikukaa kimya. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi yapaswa kuvipa kipaumbele. Mwaka 2018 ulianzishwa ushirika wa kimataifa uitwao ATscale, wenye shabaha ya kuwafikia watu milioni 500 ifikapo mwaka 2030, na katika mwaka huohuo Uingereza ikaanza kugharimia mpango wa utafiti na ubunifu uitwao AT2030. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo ahadi zipo. Kasoro ipo katika namna ya kupima utekelezaji wake. Mradi wa miaka mitatu hupenda kuhesabu viti vilivyogawiwa, kwa kuwa hesabu hiyo hukamilika siku ya sherehe. Ni nadra kuhesabiwa viti ambavyo bado vinatembea baada ya miaka mitatu.

Wapo watakaosema kwamba mnyonge hana la kuchagua, na kwamba kiti kibaya ni afadhali kuliko kutambaa. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini elimu ya tiba haiungi mkono. Mtu aliyepoteza hisia katika sehemu ya chini ya mwili, akikalishwa juu ya kiti kisicho na mto unaofaa, hubanwa nyama na mifupa ya makalio dhidi ya kiti. Damu haipiti mahali palipobanwa. Kwa kuwa hasikii maumivu, hajui kwamba yafaa ajiinue au ageuke. Nyama hufa, kidonda hutokea, vijidudu huingia, na mtu aliyepewa kiti ili apate kuishi vizuri zaidi aweza kufa kwa sababu ya kiti hicho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo, lilisisitiza kwamba kiti hakitolewi kama gunia la nafaka. Mtu hupimwa, kiti huchaguliwa na kurekebishwa kulingana na mwili wake na mahali anapoishi, mwenyewe hufundishwa kukitumia, kisha hufuatiliwa.

Kwa upande wa mashauri ya afya kutoka mbali, Afrika Mashariki ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Madaktari Warukao, ambalo leo linajulikana kwa jina la Amref, lilianzishwa mwaka 1957, na redio za upepo ziliziunganisha hospitali za mbali na madaktari wa Nairobi miaka mingi kabla ya kuja kwa intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili mbele ya redio. Katika kampeni hiyo redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa vikundi vya wasikilizaji na viongozi wao waliofundishwa, vilivyokutana kila juma, vikajadili walichosikia, kisha wanakikundi wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini jembe lilikuwa kijijini.

Somo hilo limejirudia katika zama za simu ya mkononi. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, wilayani Kinondoni, ilikuwa ikiwapasua bila malipo akina mama wenye fistula, yaani wale waliopata tundu katika njia ya uzazi kutokana na uchungu wa muda mrefu wakati wa kujifungua, wakawa wanavuja mkojo au kinyesi. Hata hivyo wengi hawakufika. Kisa chake kilikuwa nauli. Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo ilianza kutuma nauli kwa njia ya M-Pesa kwa mabalozi wa kujitolea waliowatambua wagonjwa huko mikoani. Balozi alipokea fedha, akamkatia mgonjwa tiketi ya basi, na mgonjwa akasafiri. Ni mbinu sahili mno kiasi kwamba mtu aweza kuidharau. Lakini iliuona ugumu mahali ulipokuwa, nao haukuwa katika chumba cha upasuaji wala katika upungufu wa mitambo.

Mfano wa pili umetoka kwa jirani. Katika jimbo la Trans Nzoia, nchini Kenya, shule 50 za msingi zilishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Walimu walifundishwa kupima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule walitumia simu yenye programu ya kupimia macho, na wazazi wa watoto walioonekana kuwa na tatizo walikumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule nyingine walitumia kadi ya kawaida, na mtoto akapewa barua ya rufaa. Kwa kundi la kwanza, watoto 54 katika kila 100 waliopewa rufaa walifikishwa hospitalini. Kwa kundi la pili walifika 22. Msomaji makini ataona kwamba simu haikumtibu mtoto yeyote jicho. Tofauti ilitokana na kuwepo kwa mtu aliyemkumbuka mtoto baada ya kupimwa, na waliofanya upimaji wenyewe walikuwa walimu, si madaktari.

Mfano wa tatu unahusu nani abebe gharama. Mpango wa m-mama, unaowasafirisha akina mama wajawazito na watoto wachanga waliopatwa na dharura, ulianza kwa majaribio katika Sengerema na Shinyanga kwa fedha za wafadhili. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Penye upungufu wa gari la wagonjwa huitwa dereva wa eneo hilohilo, naye hulipwa kwa simu. Mwaka 2022 Serikali ilizindua upanuzi wake nchi nzima. Uzito wa jambo hili haumo katika programu ya kompyuta inayotumika. Umo katika uamuzi wa kuutoa mpango mikononi mwa mradi na kuuingiza katika utaratibu wa kawaida wa dola.

Ulazima wa uamuzi wa namna hiyo ulidhihirika mwaka 2025. Mapema mwaka huo Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo mwaka 2027. Fedha za walipa kodi wa nchi nyingine hutawaliwa na siasa za nchi hizo, na si haki kuwalaumu wapiga kura wa mbali kwa kutojua njia za Mbagala. Lakini mguu bandia wa mtoto wapaswa kubadilishwa kila anaporefuka. Mtoto haachi kukua eti kwa sababu mradi umekwisha muda wake.

Basi lifanyike nini? Kwanza, kila mpango wa vifaa saidizi upimwe kwa miaka ambayo kifaa kimetumika, na sehemu ya fedha zake itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya spea na mafundi. Kiti ambacho mpira wake hupatikana katika duka la baiskeli la Temeke kina thamani kuliko kiti cha bei kubwa ambacho skrubu yake huagizwa ng'ambo. Wataalamu wapo: chuo cha TATCOT kilichoko Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na elimu ya viti vya magurudumu pia. Kuna viti vya magurudumu matatu, ambavyo gurudumu lake la mbele limewekwa mbali na mkaaji. Uzito unaoliangukia gurudumu hilo huwa mdogo, na kiti hakipinduki mbele kwa urahisi.

Pili, halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hakuna matumizi yafaayo zaidi ya sehemu ya fedha hizo kuliko karakana za kutengeneza vifaa saidizi, zikiendeshwa na watumiaji wenyewe. Kadhalika Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulioanzishwa mwaka 1995 chini ya Tume iliyoko Kijitonyama, wapaswa kuwauliza wabunifu vijana si tu kama kifaa chao ni kipya, bali kama fundi wa mtaani aweza kukifungua na kukifunga tena.

Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 haitakuwa ya wote kwa kweli iwapo mshauri wa tiba mtandao atalipwa, lakini mto wa kiti na betri ya kisaidizi cha kusikia visilipwe. Ushauri unaomwambia mtu atumie kitu asichoweza kukipata ni maneno matupu.

Yako pia yasiyohitaji mfadhili. Shule ya sekondari iliyo pembezoni mwa jiji yaweza kupima mwinamo wa njia zake. Mtu na kiti chake wakiwa na uzito wa Newton 900, kwenye mwinamo wa mita 1 kwa kila mita 12 watahitaji kani ya Newton 75 ili wapande, ukiacha msuguano. Kwenye mwinamo wa mita 1 kwa mita 4 watahitaji Newton 225. Wanafunzi wakiisha kupiga hesabu hiyo darasani, watoke nje wakapime njia inayoelekea maabara, wakapime na kimo cha kizingiti cha mlango wake. Matokeo yaandikwe na kupelekwa kwa mkuu wa shule na kwa bodi, pamoja na bei ya mifuko ya sementi inayohitajika.