Shule Zisiuze Siri za Wanafunzi Pamoja na Tarakilishi Kuukuu

Mwaka jana nilinunua tarakilishi kuukuu kwa fundi mmoja mjini Voi. Nilitaka chombo cha kupigia chapa mitihani ya majaribio, na bei yake ilikuwa nafuu. Fundi aliniapia kwamba imesafishwa, na kwa kweli nilipoiwasha sikuona faili hata moja. Jioni hiyo alinitembelea mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anasomea mambo haya chuoni, akaipitishia programu ya bure ya kufufua faili. Kabla chai haijapoa, nyaraka zilianza kujipanga kwenye skrini: madeni ya karo, nambari za vitambulisho na za simu za wazazi, ripoti za nidhamu za miaka minne, na barua ya mwalimu mshauri kwa mwalimu mkuu kuhusu msichana wa kidato cha pili aliyeacha shule, ikieleza kinagaubaga nani alimtendea nini. Niliifunga kabla sijaimaliza, lakini jina nilikuwa nimekwisha kulisoma. Ni la ukoo ninaoujua.

Shule hiyo sitaitaja, kwani haikukusudia ubaya. Ilitenda ambavyo shule nyingi, kuanzia Taveta hadi Sagalla, zingetenda: ilifuta faili, ikaona skrini ni tupu, ikauza.

Hapo ndipo penye kosa. Tarakilishi ikiamrishwa ifute faili, aghalabu haifuti neno lolote. Hufanya kama mkutubi anayeichana kadi ya kitabu na kukiacha kitabu chenyewe rafuni. Kitabu kitaendelea kukaa hapo mpaka nafasi yake ichukuliwe na kingine, na mgeni mwenye subira atakipata bila kadi. Hata kule kuiandaa diski upya, ambako mafundi wetu hukuita kusafisha, mara nyingi ni kuchana kadi zote kwa pamoja.

Wala tusidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza kwamba kati ya diski 129 za mitumba walizonunua na zikafanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Mwaka 2012 mamlaka ya hospitali za Brighton, Uingereza, ilitozwa faini ya pauni 325,000 baada ya diski zenye habari za wagonjwa kuonekana zikinadiwa kwenye mtandao. Diski hizo zilikuwa zimekabidhiwa mtu ili aziharibu.

Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika habari za mtu asikae nazo kupita haja. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha zimeleta hayo, sembuse barua ya mwalimu mshauri? Hata hivyo, shule ya umma inapouza mali kuukuu, sheria inayokumbukwa ni ile ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015. Kamati huketi, chombo kikakadiriwa thamani, kikanadiwa. Katika kamati nilizopata kuketi, tuliandika umri wa chombo na bei yake. Hatukuulizana hata siku moja ndani yake mna nini.

Wakoloni hawakuwa na uzembe huu. Miaka michache kabla ya Uhuru wa 1963, maafisa wa Uingereza waliagizwa wateketeze nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali yao. Maagizo yalisema majivu yapondwe, na zitakazozamishwa baharini zitiwe katika masanduku yenye uzito na kutupwa mbali na pwani, kwenye kina kirefu pasipo na mkondo. Nyingine zilisafirishwa na kufichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua mwaka 2011.

Najua msomaji atauliza: je, kuwafundisha wakuu wa shule kuharibu data si kumpa mhasibu mwizi kiberiti? Hofu hiyo ni ya haki, nami ninayo. Lakini wakoloni waliteketeza ili kujilinda wao. Mimi nazungumzia kumlinda mtoto. Sheria ya nyaraka za taifa, Sura ya 19, inakataza kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini. Kwa hiyo daftari za fedha, matokeo na kumbukumbu za mikutano zihamishwe kwanza, zithibitishwe kwamba zinasomeka, ndipo nakala iliyo katika mashine inayouzwa iangamizwe. Babu zetu wa Taita waliyahifadhi mafuvu ya wazee mapangoni, kila ukoo na pango lake. Kuhifadhi twakujua, tusichokijua bado ni kufuta.

Na kufuta si kazi ya miujiza. Diski ya sumaku huandikwa upya yote, mwanzo hadi mwisho, kwa programu isiyolipiwa. Mwongozo wa mwaka 2014 wa taasisi ya viwango ya Marekani ulisema mara moja kwa kawaida yatosha. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, nawe waweza kulala. Flashi na diski mpya zisizo na sumaku ni wakaidi zaidi, kwa kuwa huhamisha maandishi kwa siri kutoka pembe moja hadi nyingine. Hizo zafaa kufungwa kwa msimbo tangu siku ya kwanza, au vijiwe vyake vya kumbukumbu vipondwe. Iliyokufa isiyowaka ifunguliwe, na visahani vyake vipigwe nyundo, macho yakiwa yamekingwa, maana vingine ni vya kioo. Kuchoma moto sikushauri. Moshi wake ni sumu. Walimu wenzangu pia wasiisahau mashine kubwa ya kunakili, kwani nyingi zina diski ndani, na huko ndiko mitihani hupita.

Baada ya hapo daftari moja latosha: nambari ya diski, tarehe, njia iliyotumika, sahihi mbili. Atakayekosa fundi, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa Voi na hakikosi vijana wanaoijua kazi hii.

Diski yangu niliiandika upya usiku ule ule. Kesho yake nilimwendea mwalimu mkuu wa shule ile, nikamweleza faraghani. Alinyamaza kitambo, kisha akaitisha faili ya mnada. Risiti ilionyesha tarakilishi 11. Moja ni hii yangu. Zile 10 tungali tunazitafuta.