Watoto wa Mvua

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Haya, tumkunje. Lakini mbona siku hizi twamkunja vibaya?

Mdogo wangu ana miaka mitano, anasoma chekechea huku mtaani kwetu Nakuru. Muhula uliopita kulikuwa na Siku ya Utamaduni. Kila mtoto aliambiwa avae nguo za kabila lake na asimame na watu wa kabila hilo. Sasa, baba yetu ni Mkamba na mama ni Mluhya. Mtoto akauliza asimame wapi. Akaambiwa, "Simama kwa baba." Rafiki yake, ambaye ni chanda na pete naye, akapelekwa upande ule mwingine wa uwanja. Jioni akamwuliza mama, "Eti yule si mtu wetu?"

Lo! Mama alinyamaza kimya.

Sisemi mwalimu alikuwa na nia mbaya, la hasha. Lakini hapa ni Nakuru, jameni. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipita mitaa hii hii, na Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, ila tumesikia nyumbani. Wale vijana waliofunga barabara nao walikuwa na miaka mitano siku moja. Nani aliwaonyesha pa kusimama?

Halafu kuna ile chati ya ukutani. Mmaasai ana mkuki, basi! Mmaasai ninayemjua mimi anauza dawa za mifugo na hupenda sana kandanda. Chati yenyewe bado inasema makabila 42, ilhali Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 mwaka wa 2017, na Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44 mwaka huo huo. Mtoto wa yule Mhindi mwenye duka atajitafuta wapi?

Mtoto mdogo hajui kabila ni nini. Anamjua mtu: jina lake, chakula chake, nyanya yake. Tuanzie hapo.

Jumamosi moja nilijaribu. Niliwaketisha mdogo wangu na wenzake watatu barazani, nikawaeleza majina yao. Mdogo wangu anaitwa Mumbua, yaani mtoto wa mvua kwa Kikamba. Rafiki yake yule wa uwanjani ni Akoth, jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wa tatu ni Cherop, Mkalenjin, naye ni wa mvua vilevile. Wakaanza kupiga kelele. Mama akachungulia kutoka jikoni akasema, "Na mimi je? Si ni Nafula?" Kumbe Nafula pia ni wa majira ya mvua! Wa nne alikuwa Hamisi. Huyo alinuna, mpaka nikamwambia jina lake ni la aliyezaliwa Alhamisi. Basi akataka kujua leo ni siku gani.

Najua wapo watakaosema mwacha mila ni mtumwa, eti tutawapotezea watoto asili yao. Hasha! Mumbua anaujua Ukamba wake sasa kuliko siku ile alipofungwa leso kiunoni na kupangwa foleni. Na wengine, kama kina Kamau, wamerithi majina ya babu zao. Hilo nalo lina hadithi yake; babu aitwe aje aisimulie mwenyewe.

Kwa hivyo naomba chama chetu, kwa idhini ya mwalimu mlezi, kiende chekechea ya jirani Ijumaa moja kila mwezi baada ya vipindi. Hatuhitaji pesa wala mavazi. Kila mmoja aende na jina lake na maana yake, na kama hajui, aulize kwao kwanza.

Mumbua hakutungoja. Jana ndani ya matatu alimwuliza kondakta jina lake lina maana gani, na kondakta akasahau kudai nauli.