Tusihubiri Mahubiri ya Hanania

Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, simu zetu hulia. Ni neno la siku. Sisi wachungaji tunalituma kwenye makundi ya usharika, wazee wa kanisa wanalisambaza, na kabla ya saa mbili limeturudia likiwa na picha ya maua. Katika mistari inayopita hivyo, tunaona kwamba Yeremia 29:11 inapendwa mno. Tunataka kusema wazi: namna tunavyoitumia ni kosa, na kosa hilo limeanzia kwetu tuliosomea Neno.

Fungueni sura nzima. Ni barua. Nabii anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Kabla ya kufika mstari wa 11 anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule ule wa utumwa wao. Kisha, katika mstari wa 10, anawapa hesabu: miaka 70. Mzee aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba atazikwa ugenini. Ahadi ya Mungu ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

Sasa rudini nyuma sura moja. Yupo Hanania, naye anaitwa nabii, naye anasema kwa jina la Bwana. Anaahidi kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Nani asingependa miaka miwili badala ya 70? Lakini Yeremia alimwambia kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba amewatumainisha watu uongo. Basi tunapoukata mstari wa 11 na kuutuma kama ahadi ya kazi, ndoa au kiwanja kabla mwaka haujaisha, tunachukua maneno ya Yeremia na kuhubiri mahubiri ya Hanania. Mstari unaobebwa ili mambo yanyooke tu umekwisha kuwa hirizi.

Haya tunayasema kwa aibu. Tulimtumia mstari huo mama mmoja wa usharika, aliyekuwa akimuuguza mumewe, asubuhi baada ya asubuhi. Mume akafariki. Baada ya maziko mama alituuliza, bila hasira: "Baba Mchungaji, ile ahadi ilikuwa ya nani?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemtumia mstari mara nyingi, na nyumbani kwake tulikuwa tumefika mara moja.

Wapo watakaosema kwamba heri mstari mmoja kuliko kutosoma kabisa. Nasi hatulipingi neno la siku lenyewe. Ndugu Wamoraviani wa Herrnhut, kule Ujerumani, walianza desturi hiyo mwaka 1728, na mwaka 1731 wakachapa kitabu chao cha kwanza cha maneno ya mwaka mzima. Lakini kumbukeni lilivyofika: ndugu walilipeleka nyumba kwa nyumba. Neno liliingia mlangoni pamoja na mtu, aliyeweza kuona nani mgonjwa na nani hana chakula. Sisi tumebaki na mstari, tukamwacha mtu.

Luther naye, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipofundisha sala ya asubuhi hakuishia kwenye sala. Alimtuma Mkristo aende kazini kwake kwa furaha. Kwake, Neno la asubuhi lina kazi ya mchana: shambani, sokoni, ofisini, kwa jirani.

Kwa hiyo sisi watumishi tuanze kujirekebisha. Tukituma mstari, tutaje na sura, na tuwaombe watu waisome yote. Kabla ya kuuliza Mungu ametuahidi nini leo, tuulize ametuagiza nini: ni mji gani tuuombee, ni bustani gani tuipande hata kama matunda yake wataila wajukuu. Na jina la yule tunayemtumia neno tuliandike kwenye orodha ya nyumba za kutembelea wiki hiyo. Kama hatuna nafasi ya kwenda, tusijifariji kwamba tumemhudumia kwa sababu tumebonyeza simu.