Fundi wa Itumbe asingoje diploma

Anayedhani gari la umeme ni habari ya Nairobi pekee hajaitazama Probox vizuri. Huku Gusii ndiyo matatu yetu: hubeba watu pamoja na mikungu ya ndizi, hupanda miinuko ya Itumbe barabara ikiteleza, na ikigoma husukumwa hadi gereji ya jua kali iliyo karibu. Mwishoni mwa 2018 Toyota ilianza kuuza Japani Probox ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, mitumba inayoshushwa Mombasa sasa ni ya tangu kipindi hicho. Aqua na Fielder za haibridi zilitangulia kitambo, wala hazikuletwa na kampeni ya serikali. Bei ya petroli ilitosha.

Magari haya yana betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 kila fundi anaijua. Ile kubwa, ambayo katika Aqua za kizazi cha kwanza imelazwa chini ya kiti cha nyuma, ina volti 144, na inveta huweza kuupandisha umeme huo hadi volti 520. Nyaya zake zina ganda la rangi ya chungwa ili watu wajihadhari. Kabla ya kuzigusa, fundi huzima gari, huweka ufunguo mbali, huchomoa waya wa betri ndogo, huvaa glavu za mpira zilizopimwa, hung'oa plagi ya usalama, kisha hungoja dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Mtu hajifunzi mambo haya kwa kubahatisha. Lakini si kila ubovu ni wa kutisha. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Vumbi letu la kiangazi likiiziba, betri hupata joto na taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi. Aliyefunzwa ataifungua na kuisafisha. Asiyefunzwa atamwambia mwenye gari anunue betri nyingine.

Ndiyo maana naona mafunzo yaanze na fundi ambaye tayari ana spana mkononi, kabla ya mwanafunzi atakayehitimu diploma miaka mitatu ijayo. Kuna wanaohofu kwamba kumfundisha mtu wa jua kali habari za umeme mkali ni kumpeleka kifoni. Hofu hiyo ina msingi, ila magari hayo yanafika kwake hata sasa, na hakuna dereva wa Itumbe atakayelikokota gari hadi Nairobi kwa sababu ya taa ya dashibodi. Wengine watasema kampuni zitahudumia bidhaa zao. Kwa pikipiki za umeme ni kweli kiasi, kwa kuwa Spiro na Ampersand hubadilisha betri kwenye vituo vyao wenyewe. Gari la mtumba halina kampuni nyuma yake.

Kozi fupi ya wikendi katika Kisii National Polytechnic, ikifuatwa na mtihani wa vitendo wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inatosha kwa hatua ya kwanza: kuzima umeme kwa usalama, kusoma hitilafu kwa mashine, kutunza mfumo wa kupoza, na kujua kazi ya kukataa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana fundi wa kwetu huona haya kumwambia mteja hawezi. Swali la gharama lina jibu pia. Waajiri hulipa NITA shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wanaofundisha watu wao huweza kurudishiwa gharama. Mpango huo unamfaa mwenye kiwanda. Mwenye gereji ya mabati, yeye na wanagenzi wawili, hana orodha ya mishahara ya kuwasilisha, kwa hiyo NITA na kaunti za Kisii na Nyamira zitenge fungu lake waziwazi, glavu zikiwemo.