TAARIFA YA TAWI: RASIMU IMERUDI, TUJIFUNZE KUIANDIKA UPYA



Wengi mmetuuliza humu kwa nini rasimu ya sheria ndogo ya mifugo na mashamba, tuliyoipigania tangu msimu uliopita, imerudishwa na halmashauri ya wilaya. Wapo waliosema ni siasa. Kamati ya Tawi imesoma barua ya mwanasheria kifungu kwa kifungu, na tunawaambia ukweli: si siasa. Tuliandika vibaya.

Tuliandika kwa hasira, na hasira ile ilikuwa na sababu. Mtu aliyelima ekari mbili za mahindi akakuta zimeliwa usiku mmoja hana subira ya kufungua Katiba. Lakini sheria ndogo haijitegemei. Nguvu yake inatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na juu ya zote ipo Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 64(5) inasema sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyokiuka. Ni kama hati ya malipo isiyo na kifungu cha bajeti: hailipwi, hata kama mdai ana haki.

Makosa yetu ni haya:

1. Tuliandika kuwa mfugaji "asiye mzaliwa wa kijiji" alipe faini mara mbili. Ibara ya 13 inakataza sheria kubagua watu kwa kabila au mahali walipotokea. Ng'ombe wa mzaliwa na wa mgeni wanakula mahindi yale yale.

2. Tulitaka faini mpya iwapate waliokosa msimu uliopita. Ibara ya 13(6) inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa kisheria. Aliyeharibiwa shamba wakati ule adai fidia mahakamani.

3. Tuliandika ng'ombe akamatwe na auzwe baada ya siku 2. Mwenye ng'ombe asikilizwe na nani, wapi, hatukusema. Haki ya kusikilizwa imo katika ibara hiyo hiyo.

4. Tuliweka ushuru kwa kila gunia ili kumlipa mlinzi wa mashamba. Nia njema, lakini Ibara ya 138 hairuhusu kodi isiyotokana na sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa chini yake. Hatukuonyesha kifungu chochote kinachotupa mamlaka hayo.

Na utaratibu nao tuukumbuke. Tawi la chama halitungi sheria ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Sisi tunaingia mkutanoni kama wakazi wengine, na mfugaji asiye na kadi yetu ana sauti sawa na yetu. Safari iliyopita mkutano uliangukia siku ya mnada, wafugaji wengi hawakuwepo, na sisi tukafurahi kwamba hoja imepita bila ubishi. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Tunakutana Jumamosi hii saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Kila shina lilete kifungu kimoja kilichoandikwa upya, na kila kifungu kijibu maswali matatu: Nani ametupa mamlaka haya? Kinamgusa kila mtu sawa? Anayetuhumiwa atasikilizwa na nani? Wenye ndugu au majirani wafugaji waulizeni njia ya mifugo ipite wapi, ili tupeleke hoja hiyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji.

Mvua haziko mbali. Tukichelewa, tutaingia msimu mwingine bila sheria, na ugomvi wa shambani utaamuliwa kwa fimbo na panga. Hatutaki kumzika mtu kwa ajili ya mahindi.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi